Kupamba Nyumba kwa Mkono Wako na kwa Kiasi cha Mfuko Wako

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wenzetu wa vikundi vya kujisaidia walipokutana kubadilishana maarifa. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, kwa kuwa wengine hawakuweza kufika siku ile kwa sababu ya mvua.)

Tulipoambiwa tuje kuzungumza juu ya kupamba nyumba, wengine katika kikundi chetu walicheka. Walisema, "Watu wanalia karo na mbolea, sisi twende kuwaambia habari ya mapazia?" Ni neno la haki. Lakini tuliitikia kwa sababu kikundi chetu nusura kivunjike, na kilichotaka kukivunja si karo wala mbolea. Ni vitambaa vya viti.

Ngoja tueleze. Sisi ni watu ishirini na watano, akina mama ishirini na wawili na wanaume watatu, huku kwetu Magharibi. Nyumba zetu nyingi ni za udongo na mabati. Tulianza kwa mzunguko, kama wengi wenu. Kila mwezi kila mtu anatoa kidogo, mmoja anapokea zote, na sharti likawa kwamba atakayepokea anunue vyombo, asile pesa. Tukapata sahani, thamosi, sufuria, vikombe vya wageni. Jambo hilo lilitusaidia, na hatulijutii hata leo. Mikutano tuliifanya nyumba kwa nyumba, ili tuone kweli vyombo vimenunuliwa.

Sasa siku moja tulifika kwa mwenzetu mmoja, tukakuta viti vyote vimevikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, vyenye maua ya manjano pembeni. Vilipendeza, hatusemi uongo. Tukala chai, tukavisifu, na kabla ya kufunga mkutano tukapitisha kwamba kila mwanachama awe na vitambaa kama vile kufikia Krismasi, na ambaye zamu yake itafika bila vitambaa atatozwa faini ya shilingi 200. Iliandikwa kwenye kitabu cha mkutano. Hakuna aliyepinga. Ni sisi wenyewe tuliopiga makofi.

Yaliyofuata ni haya. Mmoja aliuza kondoo. Mwingine alitoa pesa ya karo, akamwambia bwana yake kwamba shule imeongeza. Wa tatu alikopa kwa simu. Hii mikopo ya simu, ndugu zetu, ina hatari yake: zamani ukitaka kukopa ulivaa, ukatembea, ukamkabili mtu uso kwa uso, na njiani ukapata muda wa kujiuliza. Siku hizi unakopa usiku umelala, na asubuhi unaamka na deni. Mwenzetu huyo alikopa kwa simu moja, akalipa kwa kukopa kwa nyingine, na vile vitambaa vikaishia kumgharimu karibu mara mbili ya bei ya sokoni.

Na mmoja aliacha kuja. Zamu yake ilikuwa Oktoba. Alianza kutuma mchango na faini kwa mkono wa mtoto, yeye mwenyewe haonekani. Tukasema ana majivuno siku hizi, kwa sababu kijana wake amepata kazi Nairobi. Tuliyasema hayo kwa miezi minne, mpaka alipofiwa na mama mkwe, na kwa kawaida yetu kijiji kizima kikaenda. Ndipo tukaona. Ukuta wa upande wa mvua ulikuwa umeanguka nusu, dirisha limezibwa kwa mfuko wa saruji, na ndani kulikuwa na stuli tatu. Alisimama mlangoni muda wote wa kupokea rambirambi, na tulijua kwa nini amesimama pale.

Baada ya matanga tulituma watu watatu na sukari kwenda kumwomba msamaha. Aliwapokea nje, chini ya mti, akawapa chai. Alisema neno moja ambalo tumelishika: "Mimi sikukataa kikundi. Nilikataa kuhesabiwa viti." Amerudi katika kuweka akiba. Lakini mpaka leo hatujafanya mkutano kwake, na hatumwombi. Ile faini tuliifuta, na tulimrudishia zile alizolipa. Yule wa kondoo hatukuweza kumrudishia kondoo.

Kwa hiyo tulikaa tukajiuliza: nyumba ishirini na tano zikiwa na vitambaa vya rangi moja, hizo ni nyumba za nani? Ukiingia kwa mtu ungependa uone kwamba hapa anakaa fulani, si mwingine. Huyu anapenda wekundu, yule anapenda mahali peupe patupu, huyu ana picha ya marehemu baba yake, yule ana vibuyu vya nyanya yake. Hayo hayanunuliwi kwa mkopo. Tukaamua kikundi kisimwambie mtu aweke nini nyumbani kwake. Kazi ya kikundi iwe kumfundisha jinsi ya kukifanya anachokipenda, na kumpa mikono ya kumsaidia. Tuliyojifunza tangu hapo ndiyo tumekuja kuwaeleza, pamoja na makosa.

Tulianza na ukuta

Tunaye nyanya mmoja katika kikundi, amepita miaka sabini. Nyumba yake haina kitambaa hata kimoja, lakini kila mgeni anasimama kwanza nje akiitazama. Chini, mpaka usawa wa goti, ameisiriba kwa udongo mweusi. Juu ni mweupe, na katikati kuna ukanda mwekundu wenye mawimbi aliouchora kwa vidole. Miaka yote tulipita pale, hatukumwuliza kitu. Tulikuwa tukiangalia vitambaa.

Tulipomwuliza alitucheka kwanza, halafu akatupeleka kuchimba. Udongo mweupe hupatikana kwenye kingo za mto, mwekundu kwenye kichuguu au pale barabara ilipokatwa, mweusi na wa kijivujivu kwenye bonde lenye majimaji. Kila kijiji kina wake. Waulizeni wazee wenu kabla hawajaenda nao. Jambo moja tu tunawasihi: msichimbe kwa kuingia chini ya ukingo, hasa wakati wa mvua. Ukingo ukikatika unafukia mtu, na mara nyingi anayeinama pale ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Chimba kutoka juu, mkiwa wawili au zaidi, na mtoto abaki nyumbani.

Udongo unapondwa, unachekechwa mpaka mawe na mizizi itoke, unalowekwa siku mbili. Halafu usikimbilie kusiriba nyumba nzima. Paka mahali pa ukubwa wa sinia, uache pakauke kabisa, kisha upitishe kiganja. Pakipasuka nyufa, udongo unanata mno, ongeza mchanga laini. Kiganja kikitoka na vumbi, udongo ni mwepesi, ongeza samadi mbichi ya ng'ombe. Sisi tuliruka hatua hii katika nyumba ya kwanza kwa haraka ya kutaka kumaliza siku moja, na wiki iliyofuata ukuta mzima ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Tuliubandua tukaanza tena, na nyanya hakusema kitu, alituangalia tu.

Na ule weusi wa chini si urembo peke yake. Pale ndipo maji ya mvua yanaporuka kutoka chini na kuchafua ukuta, ndipo kuku wanapochakura, ndipo watoto wanaposhika kwa mikono yao. Ukipaka peupe utasafisha kila siku. Wengine wetu tulikuwa tukipata weusi ule kwa kupasua betri kuukuu za tochi na kuchanganya unga wake mweusi na maji. Acheni kabisa. Unga ule ni sumu, nao unashikwa na watoto wale wale wanaotia vidole mdomoni. Mkaa uliosagwa ukichanganywa na udongo na samadi unatoa weusi mzuri, na hauna bei.

Kuna wanaodhani kusiriba kwa udongo ni alama ya umaskini, na kwamba mtu akipata pesa ataachana nako. Tuwape habari ya mama mmoja wa kabila la Wandebele wa Afrika Kusini, jina lake Esther Mahlangu, aliyezaliwa mwaka 1935. Alifundishwa kuchora kuta za nyumba na mama yake na nyanya yake akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, kama desturi ya wanawake wa kwao. Mwaka 1991 kampuni ya magari ya BMW ya Ujerumani ilimpa gari jipya alichore kwa michoro ile ile ya ukutani, naye akawa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Tangu hapo amealikwa nchi nyingi kuchora. Hatusemi kwamba BMW watakuja kijijini kwetu. Barabara yenyewe haiwezi kuwapitisha. Tunasema kwamba jambo tulilokuwa tukilionea haya, wengine wanasafiri mbali kuja kulitazama.

Chokaa

Wanaotaka nyumba nyeupe kabisa na hawana udongo mweupe karibu, kuna chokaa. Ni rahisi kuliko rangi ya dukani, na chumba chenye giza kinapata mwanga mpaka taa ndogo inaonekana kama mbili. Lakini chokaa ina masharti yake.

Ukuta lazima uwe umekauka kabisa. Fagia vumbi. Chokaa iloweke kwenye maji tangu jana yake, uichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa, na utie konzi moja ya chumvi katika ndoo ili ishike vizuri. Nyunyizia ukuta maji kidogo, kisha upake. Mkono wa kwanza utaona kama umepaka maji matupu, utataka kuongeza iwe nzito. Usiongeze. Inakuwa nyeupe ikishakauka. Kesho yake paka mkono wa pili, na ukiweza wa tatu. Chokaa nzito inabanduka kama magamba, na hapo mtu anasema chokaa ni mbaya, kumbe mkono wake ndio ulikosea.

Chokaa inachoma. Vaa glavu, au mifuko mikononi, na funika kichwa. Watoto wakae mbali mpaka kazi iishe. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, robo saa nzima bila kuacha, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yamepungua. Na usiikorogee katika sufuria ya alumini, maana inaila. Mmoja wetu alipoteza sufuria ya ugali namna hiyo, na bwana yake bado anaikumbusha kila akisikia neno chokaa.

Kabla ya chokaa, tazama moshi. Kama unapika katika chumba kile kile, ukuta mweupe utakuwa mweusi kabla mvua haijabadilika, na kifua cha watoto vivyo hivyo. Toboa dirisha kwanza, au tenga jiko. Tulikuwa na mwanachama aliyetaka chokaa, tukamshauri atumie pesa ile kujenga kijiko cha nje cha miti na mabati makuukuu. Alinung'unika. Chokaa alipaka mwaka uliofuata.

Sakafu

Hapa hatutakaa sana, kwa sababu akina mama mnajua kazi hii kuliko sisi. Sakafu ya udongo isiyopakwa hufanya vumbi, na vumbi ndiko funza anakoishi. Mkeka mzuri juu ya vumbi ni kumtandikia funza kitanda. Kwa hiyo sakafu ipigwe, ipakwe udongo na samadi na majivu mara kwa mara, ndipo utandike. Onyo moja tu: samadi ina vijidudu vya pepopunda. Mama aliyejifungua asipake sakafu, na samadi wala udongo usikaribie kitovu cha mtoto. Mwenye kidonda mkononi pia angoje kipone.

Rafu bila seremala

Wale walio karibu kujenga, sikieni hili. Kule Lamu, nyumba za mawe za zamani zina vijishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, safu kwa safu, vinaitwa zidaka. Wenyewe waliviweka vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Mji ule wa kale uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na zidaka hizo ni mojawapo ya mambo ambayo wageni wanapanda ndege kwenda kuyatazama.

Sisi hatuna mawe ya matumbawe wala mafundi wa plasta wa Lamu. Lakini wazo lao halihitaji hayo. Ukijenga kwa matofali ya udongo, ukuta ni mnene, unaweza kuacha nafasi ya ukubwa wa kitabu kikubwa, kina cha nusu ya ukuta, na juu yake ukaweka kipande cha mti mgumu cha kubeba uzito. Usitoboe mpaka nje, na usiweke karibu na pembe ya nyumba, utaudhoofisha ukuta. Mmoja wetu aliacha nafasi tatu alipojenga. Moja ya taa, moja ya vitabu vya watoto, moja ya vikombe. Ndani akapaka wekundu na ukuta ukabaki mweupe. Kabati ya vyombo aliyokuwa akiiwekea akiba alikuwa ameulizwa shilingi 9,000. Pesa ile alinunua mabati.

Nyumba ikishajengwa usianze kuchimba mashimo ukutani, hasa nyumba ya fito. Hapo ubao na kamba ya katani vinatosha.

Vitambaa, tena

Hatukuvipiga marufuku. Anayependa kushona na ashone, na wapo wetu wanaoshona vizuri sana. Tulichoacha ni kulazimishana.

Leso iliyochakaa mwilini haijachakaa dirishani. Doti moja unakata vipande viwili, unapata mapazia ya dirisha moja la kawaida, na maneno yake yanasomeka na wapita njia. Basi chagua maneno ambayo huoni haya jirani akiyasoma. Magunia matupu ya katani yakifuliwa na kuanikwa yanatoa pazia zito la mlango, na ukiyatarizi pembeni kwa uzi wa sweta iliyofumuliwa hakuna atakayejua yalibeba nini. Shuka za mitumba nazo zinafaa. Mikeka ya mafunjo kutoka upande wa ziwa inaezekwa chini ya mabati, inapunguza joto na kelele ya mvua. Wengi tuliweka magunia ya nailoni badala yake kwa kuwa ni rahisi, lakini yanashika moto upesi na panya wanayapenda. Anayetumia koroboi asiweke kitambaa wala karatasi yoyote karibu nayo. Tumeshuhudia nyumba moja ikiungua kuanzia pazia, mchana, wenyewe wakiwa shambani na mtoto akiwa amewasha taa ili asome gizani. Mtoto alitoka. Nyumba haikubaki.

Vijana wa zamani mtakumbuka mazulia na maua tuliyofuma kwa karatasi za plastiki za dukani. Karatasi hizo zilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli ng'ombe wetu wanashukuru. Kazi ile ile sasa tunaifanya kwa maganda ya mahindi yaliyolowekwa na kusukwa, na kwa matambara. Maganda yanapokea rangi vizuri. Yakilowa yanaoza, basi yasiwekwe mlangoni.

Magazeti ukutani yanazuia upepo na yanasomeka, lakini gundi ya unga inaita mende na mchwa. Kalenda, tunawaomba, ile ya mwaka uliopita itolewe. Kuna nyumba yenye kalenda kumi na moja na mtoto hajui leo ni tarehe ngapi.

Habari ya sofaseti

Sasa akina baba, msitoke. Hii ni yenu. Mmoja wa wale wanaume wetu watatu alikuwa akingoja wageni wa mahari ya binti yake. Akaona haya na viti vyake vya mbao. Akaenda mjini, duka moja la kulipa polepole, akatoa arbuni ya shilingi 8,000, akaletewa sofaseti ya viti saba. Haikupita mlangoni. Wakatoa mlango, haikupita. Wakatoa fremu pamoja na kipande cha ukuta, ikapita. Ilipowekwa, chumba kilijaa mpaka wageni walilazimika kuingia mmoja mmoja kwa ubavu, na mzee wa upande wa pili, mtu mnene, alikaa nje siku yote. Mwenyewe amekubali tuwasimulie.

Alilipa miezi mitano. Mwezi wa sita mahindi yalishuka bei. Mwezi wa nane walikuja na gari wakaichukua mbele ya majirani, na zile alizokwisha kulipa hazikurudi. Ile karatasi aliyoitia sahihi ilisema hivyo, lakini hakuisoma, na hakumwambia mke wake asome, maana mke hakujua bei. Ukitaka kununua kwa kulipa polepole, zidisha malipo ya kila mwezi kwa idadi ya miezi, ongeza arbuni, halafu ulinganishe na bei ya taslimu. Uliza pia wakikichukua itakuwaje. Na msome karatasi hiyo wawili, mume na mke, mezani.

Viti vyake vya mbao bado vipo. Tulimsaidia kuvipiga msasa na kuvipaka mafuta, na mke wake akashona mito iliyojazwa sufi kutoka mti wao wenyewe. Unakaa vizuri, na mlango unafunguka. Wale walio na vyombo vya zamani vilivyopakwa rangi ya mafuta wasivipige msasa vikiwa vikavu ndani ya nyumba: rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru akili za watoto. Fanyeni nje, kwa msasa uliolowa maji, watoto wakiwa mbali.

Tunavyofanya sasa

Kila mwezi, badala ya kukagua vyombo, tunafanya siku ya ukuta. Nyumba moja, watu wote, kuanzia asubuhi. Mwenye nyumba ndiye anayesema rangi gani na wapi. Sheria ni mbili. Hakuna anayeingia nyumba ya mtu asiyemwita, na hakuna anayesema "kwangu mimi nimeweka." Sheria ya pili inavunjwa kila mara, lakini anayeivunja anateka maji.

Tuwasomee hesabu ya nyumba moja ya vyumba viwili, kama tulivyoiandika kwenye kitabu: chokaa mfuko mmoja shilingi 700, brashi mbili 300, chumvi 40, doti moja ya leso 700, magunia manne 120, misumari na kamba 90, chai na sukari ya wafanyakazi 350. Jumla shilingi 2,300. Udongo, samadi, mkaa na mikono havikuandikwa kwa sababu havikulipiwa. Kwenu bei zitakuwa tofauti. Anayetaka zaidi ya hapo anaweka akiba mpaka itoshe, ndipo ananunua, na tunamkataza kutumia mkopo wa kikundi kwa mapambo. Mkopo wa kikundi ni wa mbegu, ugonjwa na karo. Wengine wameudhika kwa sheria hiyo, na mmoja alitoka kujiunga na kikundi kingine. Hatukuibadilisha.

Mzee mmoja alituuliza asubuhi hii, tulipokuwa tukiandaa, kwamba mwanamume anaingia wapi katika mambo haya. Tulimjibu kwamba anayechimba udongo, anayepiga dirisha na anayebeba maji ni yeyote mwenye mikono. Lakini pia mwulizeni mke rangi anayoipenda kabla hamjanunua. Tuna mwanachama aliyeishi miaka kumi na sita katika nyumba ya kijani, na kijani hakipendi.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Sampuli za udongo ziko kwenye makopo pale chini ya mwembe, na nyanya yetu amekaa hapo na kibao cha kujaribia. Nendeni mpake ninyi wenyewe, mchague. Ile ndoo ya mwisho yenye kifuniko ni chokaa, msiifungue mpaka tufike na glavu.